Taa ya Bwawa Ikizimika, Usikimbilie Balbu

Taa ya bwawa ikizimika, kila aliyesimama ukingoni huwa na jibu lilelile: balbu imeungua. Mwenye bwawa atakuambia hivyo kwenye simu kabla hujauliza chochote. Fundi aliyezoea kufunga taa za sebuleni naye atakubali, atakuja na balbu mpya mkobani, na mara nyingine taa itawaka kweli. Shida ni kwamba haikai. Baada ya muda mfupi inazimika tena, na safari hii inaweza kuondoka na transfoma.

Nimeshughulika na mabwawa kiasi cha kuamini kwamba taa hizi ni chache sana zinazokufa kwa uzee. Nyingi huuawa na maji yaliyopenya mahali fulani, na mahali penyewe hapazibiki kwa kubadilisha balbu. Ndiyo maana kabla sijafikiria taa ya kununua, huwa nataka kujua kwanza hii iliyopo imekufaje. Jibu la hapo ndilo linaloamua kama kazi ni ya asubuhi moja au ni ya kuvuta waya mpya chini ya sakafu.

Wengi wakiitazama taa ya bwawa hudhani kuna dirisha la kioo ukutani, na taa imekaa nyuma yake pakavu. Za namna hiyo zipo, lakini iliyoenea zaidi ni ile inayoishi majini mbele na nyuma. Ukutani hujengewa kopo la plastiki au la chuma kisichoshika kutu. Ndani ya kopo hilo inakaa taa nzima, yaani kioo, balbu na bakuli la nyuma, vikiwa vimebanwa pamoja visipitishe maji. Chini inashikwa na ulimi mdogo, juu inashikwa na skrubu moja tu. Maji yanazunguka nyuma yake, na hayo ndiyo yanayoipoza. Waya wake umekunjwa mizunguko humohumo koponi, halafu unaingia kwenye paipu iliyofukiwa, unapita chini ya ukingo na kuibukia kwenye boksi la maungio, mbali kidogo na bwawa.

Paipu hiyo ina maji. Watu hushtuka wakisikia hivyo, lakini haiwezi kuwa vingine: mdomo wake mmoja uko bwawani, kwa hiyo maji husimama ndani yake kwenye kimo kilekile yalichosimama bwawani. Boksi linawekwa juu kwa sababu hiyo. Kanuni za umeme za Marekani kwa kawaida zinataka liwe angalau inchi 8, kama sentimita 20, juu ya kimo cha mwisho cha maji. Nimeshafungua maboksi yaliyofukiwa usawa wa ardhi kwa ajili ya urembo, nikakuta maungio yamelala kwenye tope. Hapo hata usipoigusa taa umeshajua nini kimeiua.

Waya wa taa ya namna hii, basi, unashinda majini maisha yake yote, na hauruhusiwi kuwa na kiungo popote kati ya taa na boksi. Utepe mweusi hauzuii maji. Silikoni iliyopakwa juu ya utepe nayo haizuii, hata ikipakwa kwa upendo.

Na bwawa halimwagwi maji. Hilo ndilo swali la kwanza ninaloulizwa, na nalijibu haraka kwa sababu kumwaga maji kunaweza kuleta hasara kubwa kuliko taa yenyewe. Bwawa tupu linaweza kusukumwa juu na maji yaliyo ardhini, plasta ikikauka hupasuka, na kwa mabwawa yenye ngozi ya plastiki, ngozi husinyaa isirudi. Waya uliokunjwa nyuma ya taa umewekwa makusudi, ili taa iletwe ukingoni ikiwa bado imeunganishwa.

Kabla ya kutia mkono majini ni umeme kwanza. Kuzima swichi hakutoshi. Swichi iliyofungwa kinyume hukata nyutro, waya wa kurudishia umeme, na kuiacha laivu, waya unaouleta, ikiwa hai hadi kwenye taa, na kwa macho taa itaonekana imezima vizuri tu. Zima breka, ifunge au iwekee mtu anayejua kwa nini imezimwa, halafu fungua boksi upime kwa multimita. Ukishapima ndipo uamini.

Nchi nyingi zinazofuata kanuni za kimataifa za IEC haziruhusu taa iliyo ndani ya maji ipewe zaidi ya volti 12 za umeme wa AC, ule unaogeuka mwelekeo kama wa nyumbani, na lazima zitoke kwenye transfoma ya usalama iliyotenganishwa na umeme wa nyumba. Marekani kuna mabwawa mengi ambayo taa zake zinatumia volti 120 moja kwa moja, na usalama wake unategemea kifaa kinachokata umeme unapovuja. Historia ya kifaa hicho inahusu mabwawa kuliko watu wanavyojua. Charles Dalziel, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitumia miaka mingi kupima kiasi cha umeme ambacho mwili unaweza kukihimili. Aliona kwamba kwa wastani miliampea 10 na nusu kwa wanawake na 16 kwa wanaume zinatosha kumfanya mtu ashindwe kukiachia alichokishika. Mwaka 1961 akabuni kifaa cha kukata umeme kabla haujafika huko, na mwaka 1968 kanuni za Marekani zilipoanza kukilazimisha, zilianza na taa za chini ya maji za mabwawa. Vifaa vya huko hukata kwenye miliampea kama 5. Kwingineko ile ya kawaida, ambayo mafundi huiita RCD, hukata kwenye 30.

Ndani ya maji umeme si lazima ukuunguze. Umeme ukikaza misuli tu, mtu hawezi kuogelea wala kuita. Kwa hiyo nikikuta bwawa ambalo RCD yake imerukwa, waya umepitishwa pembeni “kwa sababu ilikuwa inakata ovyo”, siendelei na kazi ya taa. Nafunga bwawa kwanza. Ilikuwa inakata kwa sababu kuna kitu kinavuja, na aliyeiruka amenyamazisha kitu pekee kilichokuwa kinasema ukweli pale.

Kwenye boksi ndiko uchunguzi unakoanzia. Kwa taa ya volti 12, rudisha umeme huku hakuna mtu majini, pima upande unaotoka kwenye transfoma. Kama hakuna kitu, taa haina kosa: tazama fyuzi, tazama transfoma, tazama swichi. Nimeona taa nzima zimeng’olewa na kutupwa kwa kosa la fyuzi. Kama umeme upo hadi kwenye maungio na taa ni giza, uzime tena, chomoa nyaya mbili za taa upime ukinzani wake.

Hapa wageni huchanganyikiwa. Balbu ya zamani ya wati 300 kwa volti 12 hula ampea 25, na ikiwa imewaka ukinzani wake ni chini ya nusu omu. Ikiwa ya baridi ni mdogo zaidi. Multimita itaonyesha karibu sufuri, na anayepima atasema imepiga shoti. Hapana, hiyo ndiyo balbu nzima. Iliyokatika ndiyo isiyoonyesha kitu. Taa za LED hazipimwi hivi kabisa, kwa sababu ndani yake kuna sakiti na multimita haitakwambia la maana. Kilicho muhimu kuliko vyote ni kupima kama kuna njia kati ya nyaya hizo na eathi. Kwa kazi hiyo multimita haitoshi, kinahitajika kipima insulesheni, yaani uzima wa ganda la waya, ile mega ya mafundi. Ikionyesha umeme unavuja, kuna maji ndani ya taa au ndani ya waya.

Ampea 25 hizo zina somo jingine. Kwenye volti 12, kiungo kilicholegea kidogo tu kinachemka. Ukifungua boksi ukakuta plastiki ya waya imekuwa ya kahawia na ngumu, huenda taa haijaungua hata kidogo, ni kiungo tu kilichokaangika. Na ukimenya waya ukakuta shaba nyeusi, kata kidogo umenye tena. Ikiendelea kuwa nyeusi kila unapokata, maji yamepanda ndani ya waya wenyewe, katikati ya nyuzi, kutoka chini. Waya huo umekwisha, na taa yoyote utakayoifunga kwenye waya huo haitadumu.

Sasa kuitoa. Nalala kifudifudi juu ya taulo lililokunjwa, kwa sababu ukingo wa bwawa hauna huruma na mbavu, mkono mmoja majini hadi begani. Bisibisi ya nyota nimeifunga kamba kwenye kifundo cha mkono. Skrubu iko juu ya duara, kama saa sita, na mara nyingi imevaa koti jeupe la chokaa, kwa hiyo ninaikwangua kwanza ili bisibisi ikae vizuri. Ukizungusha kabla haijakaa unaila kichwa, na skrubu iliyoliwa kichwa chini ya maji ni kazi ya kuzamia. Ikilegea, naivuta taa kutoka juu, inainama kuja kwangu, inachomoka kwenye ule ulimi wa chini. Kuanzia hapo naweza kuhisi habari yake. Taa ya kioo yenye hewa ndani huja juu kwa wepesi. Ya bwawa moja nililoitiwa ilikuja nzito, ikanivuta chini, na nilipoiinua juu ya ukingo nikasikia maji yakicheza ndani yake.

Skrubu hiyo, kwa njia, isidondoke. Ikidondoka itafutwe hadi ipatikane, na isije ikawekewa mbadala wa chuma cha kawaida. Cha kawaida kitaota kutu, na alama yake ya kahawia kwenye plasta chini ya taa hutaitoa kwa brashi.

Mwenye bwawa alikuwa amesimama juu yangu.

“Fundi, si balbu tu hiyo? Weka nyingine tumalize.”

“Mama, balbu nitaweka. Ila ngoja kwanza nione maji yaliingilia wapi, nisije nikarudi kwa kazi hiihii.”

“Wewe fungua tu, mimi naangalia.”

Tukafungua pamoja. Ukilegeza ule ukanda wa chuma unaobana kioo, usimwage maji haraka. Yaliyomo yanaeleza njia. Maji haya yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, na chini ya bakuli kulikuwa na unga mwekundu wa kutu. Nikafuata kutu kurudi nyuma. Ilianza kwenye ukingo wa kioo, upande mmoja tu, ikashuka kwa mstari mwembamba hadi chini. Pale waya unapoingilia nyuma ya bakuli palikuwa pasafi, pakavu, mpira wake bado laini. Basi waya ulikuwa mzima na kosa lilikuwa la gasketi, ule mpira unaoziba ukingo wa kioo. Nilipoibandua ilitoka ngumu, bapa, imechukua umbo la chuma kilichoibana, na kwenye ule upande wa kutu ilikuwa na mpasuko usiozidi urefu wa kucha. Mama yule aliuona mwenyewe, akacheka. “Yaani ni hako?”

Ni hako. Watu hudhani maji huingia kwa kusukumwa na kina, lakini nusu mita ya maji haisukumi kwa nguvu yoyote ya kutisha. Kinachoingiza maji zaidi ni taa yenyewe kuwaka na kuzima. Ikiwaka, hewa iliyo ndani inapata joto, inatanuka, inajitafutia pa kutokea. Ikizimwa katikati ya maji baridi, hewa iliyobaki inasinyaa na taa inavuta. Inavuta kwa nafasi yoyote iliyopo. Kila usiku kidogo, na kwa miezi kidogo hicho kinajaa bakuli. Dawa za bwawa nazo zina mchango. Maji yanayotakiwa kuwa na pH kati ya 7.2 na 7.8 yakiachwa yawe na asidi, yanakula chuma. Klorini nyingi inakausha mpira. Mabwawa ya chumvi yana ukali wake kwa chuma hata kile kinachoitwa hakishiki kutu. Ukikuta gasketi changa imekwisha, pima maji kabla hujamlaumu mtengenezaji.

Gasketi ya zamani hairudishwi, hata ikionekana nzima, hata kama umefungua kwa dakika tano tu. Imeshakariri umbo la chuma na haitakaa tena palepale. Silikoni ya bomba juu yake ndiyo tiba ninayoikuta mara nyingi, na naichukia, kwa sababu inamzuia anayekuja baadaye kufungua bila kuvunja, na hata hivyo inavuja.

Ukishajua kosa, ndipo suala la balbu linapokuja. Ile ya kawaida ya duara kubwa huitwa PAR56. Hiyo 56 ni kipenyo kwa vipimo vya moja ya nane ya inchi, yaani inchi 7, kama milimita 178, na kujua hivyo kunakuepusha kununua duara lisiloingia. Balbu za LED za umbo hilo zipo na zinatoa mwanga wa kutosha kwa sehemu ndogo ya wati 300 za zamani. Nazipendekeza karibu kila mara. Joto lake ni dogo, kwa hiyo ule mchezo wa kutanuka na kuvuta unapungua, na maungio yanapumua.

Lakini usiichomeke kwenye transfoma yoyote. Transfoma nyepesi za kielektroniki zilizotengenezwa kwa ajili ya balbu za halojeni huwa na kiwango cha chini cha mzigo. Ukizipa LED ya wati chache zinapepesa au zinakataa kuwaka, na mwenye bwawa anaambiwa LED ni mbovu. Ile ya zamani, nzito, ya chuma na shaba, kwa kawaida haina neno. Na usome kama taa inataka AC au DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri.

Kuhusu rangi, nina upande wangu. Kila mtu siku hizi anataka taa inayobadilika bluu, zambarau, kijani. Ni nzuri kwenye picha. Mimi nikiulizwa nasema nyeupe, kwa kuwa kazi ya taa ile usiku ni kuonyesha sakafu ya bwawa. Mtu aliyezama hapigi kelele, hulala chini, na kwenye mwanga wa zambarau huonekana kama kivuli cha ngazi. Anayetaka rangi achukue ile yenye nyeupe pia, na watu wakiwa majini iwe nyeupe.

Kazi ya yule mama iliishia kwenye gasketi na balbu. Waya ukiwa umekwisha, huna budi kubadilisha taa nzima pamoja na waya wake, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Waya wa zamani ndio kamba yako: unakatwa kwenye boksi, unafungiwa waya mpya, viungo vikipishana visikae mahali pamoja, nyuzi zimepunguzwa ili fundo liwe jembamba, unazungushiwa utepe laini. Mmoja anavuta upande mmoja, mwingine analisha. Usipake grisi wala mafuta ya mashine ili uteleze, yanaweza kuharibu mpira wa waya. Ipo jeli yake ya kuvutia nyaya.

“Vuta, kaka.”

“Imekwama.”

“Usitumie nguvu. Rudisha kidogo, halafu vuta taratibu.”

Ndiyo mazungumzo yote ya kazi hiyo. Anayetumia nguvu anaukata waya wa zamani ukiwa katikati, na hapo inabidi kutafuta waya wa chuma wa kusukuma, au kuvuta uzi mwepesi wenye kipande cha sponji kwa mashine ya kufyonza. Kabla ya kukata urefu wa mwisho, kumbuka mizunguko ya nyuma ya taa. Bila hiyo, atakayekuja baadaye hataweza kuileta taa ukingoni, atakutukana na atakuwa na haki.

Kabla hujairudisha tazama nyuma ya kopo, pale paipu inapoanzia. Panatakiwa pazibwe kwa udongo wa kuzibia au kizibo cha mpira kinachobana waya. Wengi huusahau, au huung’oa wanapovuta waya bila kuurudisha. Paipu yenye ufa ardhini isiyozibwa mdomo huondoka na maji ya bwawa kimyakimya. Dalili yake ni rahisi: maji yanapungua kila siku, yanafika usawa wa taa, yanakomea hapo. Wenye mabwawa hutafuta uvujaji kwenye pampu na mabomba kwa muda mrefu, kumbe ni tundu la waya. Matone ya rangi karibu na taa, pampu ikiwa imezimwa, yataonyesha kama maji yanavutwa kuingia humo.

Hakikisha pia kopo la chuma limeunganishwa na waya wa shaba pamoja na ngazi, vishikio na nondo za bwawa, ili pasiwe na tofauti ya umeme kati ya chuma kimoja na kingine. Hapa ndipo ninapomwachia fundi umeme mwenye leseni aliye na vipimo vyake, hasa kama taa ni ya volti za nyumba. Kufungua skrubu kila mtu anaweza. Kuthibitisha eathi ni kazi nyingine.

Usiijaribu juu ya ukingo. Balbu ya zamani imetengenezwa ipozwe na maji, na ikiwashwa hewani kioo kinaweza kupasuka kabla hujamaliza kufurahi. Irudishe majini, uache kopo lijae na mapovu yatoke, kaza skrubu, ndipo uwashe na ubonyeze kitufe cha majaribio cha RCD kuona kama kinakata.

Katika usiku wa kwanza na wa pili naomba mwenye bwawa akitazame kioo taa ikiwa imezimwa. Ukungu mdogo ndani ya kioo ni habari: toa mapema, fungua, kausha, kagua ukingo wa gasketi kabla balbu haijaonja maji. Na kwenye upande wa ndani wa kifuniko cha boksi naandika kwa kalamu isiyofutika volti, wati, aina ya transfoma na mwezi wa gasketi mpya, maana fundi anayefuata huenda asiwe mimi.